Mtandao wa Jumanne

Kwanza kabisa, mtandao wa simu:
napanda kichuguu nyuma ya zizi la Mama Mbeleje,
mkono juu, vijiti viwili vinakuwa vitatu,
na Hombolo iko chini yangu, mizabibu kwenye mistari
kama daftari la mtu mwenye mwandiko mzuri.

Halafu ndipo swali lenyewe.

Mnyororo mkuu, ule mama, haudanganyi mtu,
lakini ada yake leo asubuhi ni elfu arobaini
na kreti la zabibu ni elfu thelathini.
Nani anakodi lori kupeleka kiberiti?

Basi matawi. Yamejengwa juu yake, ni mengi,
na kila tawi linaapa kwa jina la mti.
Ndahani kayaorodhesha kiganjani kwa kalamu ya bluu,
amekalia ndoo iliyopinduliwa.

"Huu," anasema, "unaamini kila mtu ni mkweli
mpaka apingwe. Mwenye pingamizi ana siku saba.
Zikipita kimya, jambo limekwisha."
Nikacheka. Huo si mtandao, huo ni kikoba chetu:
Jumanne tunaandika, Jumanne ijayo tunasoma,
mwenye neno? Hakuna. Haya, muhuri.
Bwawa lake lina kina; ukikopa unachota
bila kata kugusa tope.
Lakini kutoa pesa hadi nje ni hizo siku saba,
na zabibu iliyokatwa Jumatatu
Alhamisi inaita nyuki,
Jumamosi inaita nzi.

"Na huu hausubiri. Unaleta uthibitisho papo hapo
pasipo kufunua kilichomo."
Kufunua nini, kufunika nini, hapo akakwama,
na aliyemkwamua ni Mama Mbeleje, akiwa anachambua kunde,
hana hata simu ya tochi:
"Kiangazi, ng'ombe wa mtu akirudi
na mchanga mbichi puani,
mimi sihitaji kuonyeshwa shimo lake korongoni.
Maji yapo."
Ndahani akafuta nusu ya kiganja kwa mate.
Tangu siku hiyo tunauita mtandao wa ng'ombe.
Ila bwawa lake bado ni dimbwi. Mkopo wa kreti mia
unalikausha, na bei inaruka kama panzi.

Wa tatu ni rahisi hata unaona aibu: shilingi mbili, tatu.
Unalindwa na watu watano.
Wanaitwa nani? Hajui.
Wanaishi wapi? Hajui.
Sanduku letu lina kufuli tatu, na funguo ziko
kwa mwalimu Nyemo, kwa Mama Mbeleje, na kwangu,
na bado mwaka juzi tulinuniana kwa elfu sita.
Tena kufika huko sharti uvuke daraja,
na Ndahani madaraja anayajua:
masika alituma pesa ya mbolea, anwani sahihi,
tawi siyo. Mpaka leo inaonekana.
Ni ndama ng'ambo ya korongo lililofurika,
unamwona, unamwita, anakutazama.

Hatukupiga kura. Akiba haina haraka,
ikaenda kwa mtandao wa Jumanne.
Pesa ya mavuno tukaipitisha kwa ng'ombe,
kidogo kidogo, tusikaushe dimbwi la wenzetu.
Huo wa watano nikaupiga mstari.
Na chini ya mstari nikaandika, kwa kuwa daftari
ni daftari: Katibu hana uhakika.

Kikabaki kitu kimoja, maneno kumi na mawili ya ufunguo,
ya Kiingereza, yasiyojuana hata kidogo.
Tukagawana manne manne.
Mwalimu kayaandika nyuma ya picha ya ndoa yake.
Yangu sisemi.
Mama Mbeleje hasomi, na karatasi haziamini;
kawapa mbuzi wake.
Kila jioni anawaita zizini kwa mpangilio uleule,
wanne, kwa sauti, hakosei,
na majirani wanadhani malaria imempanda kichwani.

Krismasi tumekubaliana:
achinjwe mbuzi yeyote,
ila si hao.